Betri Haikuwa na Kosa

Juma hili nakuomba tukae pamoja tuzungumze juu ya chombo ambacho wengi wetu hatukioni, kwa sababu kimefichwa chini ya boneti la gari, kando ya injini, kikizungushwa na mkanda. Chombo hicho ni dinamo. Kazi yake ni moja tu: kurudisha kwenye betri umeme uliokwisha tumika. Nataka tutazame historia yake, na hasa historia ya namna watu walivyojifunza kukipima.

Huenda ukasema, "Mzee huyu leo kaishiwa na maneno. Mimi sina gari, dinamo inanihusu nini?" Nivumilie kidogo. Nilianza kuipenda historia hii kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, na katika jambo hilo mkono wangu ulikuwemo.

Mwaka 1981 nilikuwa kijana wa miaka 17, utingo wa Land Rover moja kuukuu iliyofanya safari kati ya Rungwe Mpya na Kasulu mjini. Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara, ambaye jina lake silitaji, na sasa ametangulia mbele ya haki. Gari lile lilibeba magunia ya mahindi na maharage, lilibeba abiria na kuku wao, na ilipobidi lilibeba wagonjwa. Kwa ule upande wetu wa kijiji hapakuwa na gari jingine la kutumainia.

Mbele ya dereva palikuwa na taa ndogo nyekundu. Ukifungua swichi, taa inawaka. Injini ikishika na kuanza kunguruma, taa inazimika. Ndivyo inavyotakiwa. Taa ya gari letu ilianza kuwa na tabia nyingine. Kwanza ilikuwa inapepesa tu hata baada ya injini kushika. Kisha ikawa inawaka safari nzima. Dereva akasema, "Gari limezeeka, na taa nayo imezeeka." Usiku ilimsumbua machoni, akaniambia niifunike. Nikachukua kipande cha karatasi ya pakiti ya sigara, nikakibandika juu yake kwa plasta ya jeraha. Tukaendelea na safari zetu kwa amani.

Baada ya siku chache betri ikaanza kufa. Kila asubuhi ikawa ni kusukuma. Dereva akamwambia tajiri kuwa betri imekwisha. Ndugu msikilizaji, wewe uliyekuwa mtu mzima miaka ile unakumbuka hali ilivyokuwa baada ya Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979. Vipuri vilikuwa haba, na betri mpya ilikuwa mali ya kuitafuta kwa miezi. Tajiri alikwenda Kigoma, akazunguka, akatumia fedha za magunia mengi ya maharage, akarudi na betri mpya. Siku tulipoifunga gari liliwaka kwa mguso mmoja. Tulifurahi sana. Furaha hiyo haikufikisha juma moja.

Nitarudi kwenye habari hiyo. Kwanza tuone dinamo yenyewe imetoka wapi.

Mwaka 1831, huko London, mtaalamu aitwaye Michael Faraday alionyesha kwamba ukisogeza sumaku karibu na waya uliozungushwa, umeme hupita ndani ya waya huo. Huo ndio mzizi wa dinamo zote. Sisi wa Kasulu na Kibondo hatuhitaji kwenda London kuuona. Tulikuwa nayo kwenye baiskeli. Ile chupa ndogo ya chuma inayogusa tairi la mbele ndani yake mna sumaku na waya. Ukipanda mlima polepole na mkungu wa ndizi nyuma, taa yako inakuwa kama kaa la moto linalozimika. Ukishuka mlima, taa inawaka kama karabai. Na ukisimama, giza. Hapo mambo matatu yanaonekana wazi: dinamo hutoa umeme inapozunguka tu, ikizunguka kwa kasi hutoa mwingi, na yenyewe haina pa kuweka akiba.

Pa kuweka akiba palipatikana mwaka 1859, Mfaransa Gaston Planté alipotengeneza betri ya risasi na asidi, betri ya kwanza inayoweza kutumika na kisha kujazwa tena. Hata hivyo magari ya mwanzo hayakuviunganisha vitu hivi viwili. Injini yalikuwa yakiwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono, kazi iliyovunja watu mikono hendeli iliporudi nyuma. Taa zake zilikuwa za gesi ya kabaidi au za mafuta ya taa. Na cheche ya kuunguza petroli ndani ya injini ilitoka kwenye betri ndogo isiyojazwa njiani, au kwenye magineto, chombo chenye sumaku kinachotengeneza cheche chenyewe bila msaada wa betri. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa magineto yake ya nguvu kubwa mwaka 1902.

Enzi hiyo ya hendeli na kabaidi ndiyo gari lilipoingia katika historia yetu kwa kishindo. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akakusudia kuvuka Afrika mpaka bahari ya upande wa pili. Alifika Swakopmund, katika nchi ambayo sasa ni Namibia, tarehe 1 Mei 1909. Karibu miezi ishirini na moja barabarani, au niseme porini, maana barabara zenyewe mahali pengi hazikuwepo.

Miaka michache baadaye ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Katika nchi yetu mizigo ya vita hiyo ilibebwa hasa na vichwa na mabega ya watu. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, na makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi makwao. Pamoja nao yalikuja magari, na miongoni mwake gari dogo la Kimarekani, Ford Model T, lililoanza kutengenezwa mwaka 1908.

Model T ya wakati huo ilikuwa na sumaku 16 zilizofungwa kwenye gurudumu la injini, zikizunguka mbele ya koili 16. Hiyo ndiyo magineto yake. Kuanzia magari ya mwaka 1915, hata taa kubwa za mbele zililishwa na magineto hiyo hiyo. Basi dereva alipata shida ile ile ya mwenye baiskeli: akienda polepole kwenye matope, mahali anapohitaji mwanga zaidi, taa zinafifia. Lakini gari hilo lilikuwa na sifa moja kubwa. Halikutegemea betri. Mradi lina petroli na mtu mwenye mkono wa kuzungusha hendeli, lilikwenda.

Wakati huo huo huko Marekani jambo lilikuwa limekwisha kubadilika. Kwa magari yake ya mwaka 1912, kampuni ya Cadillac ilifunga stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering wa mji wa Dayton. Hendeli ikaanza kwenda likizo. Ford nao wakafuata: mwaka 1919 Model T zilianza kutoka na stata, betri ya volti 6 na dinamo.

Hapa, ndugu msikilizaji, ndipo shida ya kupima ilipozaliwa. Stata ni mlafi. Kwa sekunde chache inakula umeme ambao dinamo itahitaji dakika nyingi kuurudisha. Kwa hiyo gari likawa kama nyumba yenye mtungi mmoja wa maji, watumiaji wengi, na mtu mmoja tu anayekwenda kisimani. Siku mtungi ukikutwa mtupu, nani wa kulaumiwa? Mtungi umetoboka? Aliyetumwa kisimani hakwenda? Au kuna mtu usiku kafungua bomba? Mwenye haraka hulaumu mtungi, kwa sababu ndio anaouona. Ndivyo madereva walivyoanza kulaumu betri, na wanailaumu mpaka leo.

Kati ya dinamo na betri palikuwa na kifaa cha tatu, kiitwacho katauti. Ni mlango mdogo wenye kujifunga na kujifungua. Dinamo ikizunguka kwa kasi ya kutosha, sumaku ndogo ndani ya katauti huvuta bati, mlango hufunguka, umeme hupita kwenda kwenye betri. Injini ikipunguza mwendo na dinamo ikashindwa nguvu na betri, bati huachia. Bila mlango huo umeme wa betri ungerudi kinyumenyume na kuishia ndani ya dinamo.

Sasa dereva wa miaka ya 1920 angejuaje kama mambo haya matatu yanakwenda sawa? Wakamwekea mbele yake ameta, saa ndogo yenye sindano. Katikati ni sifuri. Sindano ikielekea upande mmoja, betri inapokea. Ikielekea upande mwingine, betri inatoa. Kwa sindano hiyo moja, dereva aliyefundishika aliweza kufanya vipimo vinne bila kushika hata spana.

Kwanza, injini imezimwa, washa taa. Sindano iende upande wa kutoa. Isipokwenda, ameta au nyaya zake ni mbovu. Pili, zima taa, washa injini na ukanyage mafuta kidogo. Sindano ihamie upande wa kupokea. Tatu, washa taa huku injini ikienda mwendo wa wastani. Sindano isishuke chini ya sifuri, maana ikishuka gari linatumia kuliko linavyoingiza, kama mtu anayekula kuliko mshahara wake. Nne, zima kila kitu. Sindano irudi sifuri na kutulia. Ikianguka ghafula upande wa kutoa, mlango wa katauti umeng'ang'ania, na kufika asubuhi betri itakuwa tupu na dinamo yenyewe huenda imeungua.

Dinamo za siku zile zilikuwa na kasoro. Kiasi cha umeme kilipangwa kwa mkono, kwa kusogeza kipande cha tatu cha kaboni kinachogusa shaba inayozunguka. Ukikipanga kwa ajili ya safari fupi za mjini, siku ya safari ndefu betri inachemka. Ukikipanga kwa safari ndefu, mjini betri inashinda njaa. Ndiyo maana madereva wa zamani waliokwenda mwendo wa kutwa nzima waliwasha taa kubwa mchana kweupe. Hawakuwa wendawazimu, walikuwa wakimwaga umeme wa ziada. Tena waliambiwa wasithubutu kuendesha gari betri ikiwa imefunguliwa, maana dinamo ya namna hiyo, ikikosa betri ya kuituliza, hupandisha volti mpaka inajiunguza. Katika miaka ya 1930 ikaenea regulata, kifaa kinachosoma hali ya betri na kuipunguzia au kuiongezea dinamo nguvu chenyewe.

Kwa hiyo mpaka Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, mambo yalikuwa yamepangika: dinamo, na sanduku dogo lenye katauti na regulata pamoja. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, katika magari mengi ameta iliondolewa, ikabaki ile taa nyekundu. Watengenezaji waliona dereva wa kawaida hataki kusoma sindano. Anataka kuambiwa ndiyo au siyo.

Taa hiyo ni ya akili sana, ingawa ni ndogo. Imefungwa kati ya betri na dinamo, kama mkono wa mizani. Injini ikiwa imesimama, betri ina nguvu na dinamo haina, umeme unapita kwenye taa, taa inawaka. Dinamo ikiamka na kufikia nguvu ya betri, pande mbili zinasukumana sawasawa, hakuna kinachopita, taa inazimika. Kwa hiyo taa ile haizeeki ikaanza kusema uongo wa namna ile dereva wetu aliodhani. Ikiwaka safari nzima, inasema neno moja tu: dinamo hairudishi kitu.

Turudi Rungwe Mpya, mwaka ule wa 1981.

Usiku mmoja wa masika, binti wa jirani yetu alishikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mkunga wa kijiji alikaa naye tangu mchana, na usiku ulipoingia akatoka nje akamwambia baba wa yule binti, "Huyu si wa kukaa hapa. Apelekwe Kasulu." Watu wakachangishana fedha za petroli. Tukaliwasha gari kwa kusukuma, wakampakia yule binti, mkunga, mumewe na baba yake. Mimi nikakaa nyuma, kazi yangu ikiwa kushuka na kuweka jiwe nyuma ya tairi kila gari linapokwama.

Mvua ilikuwa inanyesha. Taa kubwa zinawaka, vifuta kioo vinakwenda, na chini ya kipande changu cha karatasi ile taa nyekundu inawaka pia, hakuna anayeiona. Gari zima lilikuwa linakula akiba ya betri, na hakuna aliyekwenda kisimani. Tulipofika katikati ya msitu taa zilianza kuwa za manjano, kisha nyekundu kama makaa. Dereva akazima taa ili kuokoa cheche ya injini. Mimi nikatembea mbele ya gari na tochi. Tulikwenda hivyo kitambo. Kisha injini ikakohoa, ikanyamaza. Tulijaribu hendeli mpaka mikono ikatoka malengelenge. Gari lile halikuwa Model T yenye magineto. Cheche yake ilitoka kwenye betri, na betri haikuwa na kitu.

Wanaume walikata miti miwili, wakafunga blanketi, tukamchukua yule binti kwa machela. Tulifika hospitalini jua limekwisha toka. Wauguzi walitupokea vizuri na wakafanya yote waliyoweza. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Siku iliyofuata gari lilivutwa mpaka kwa fundi mmoja mzee pale Kasulu. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Aliichukua betri yetu mpya akaifungua vifuniko, akapima maji yake kwa haidrometa, ile chupa ya kioo yenye kielea ndani. Betri iliyojaa husoma karibu 1.280; yetu ilisoma karibu na 1.120, na vyumba vyote sita vililingana. Akasema, "Hii betri ni njaa tu, haina ugonjwa. Ugonjwa ungekuwa kwenye chumba kimoja." Akaichaji usiku kucha.

Asubuhi aliingia ndani ya gari, akaona kipande cha karatasi. Akauliza, "Nani kafunika hapa?"

Nikasema, "Mimi, mzee."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inatusumbua."

Hakunigombeza. Alikibandua polepole, akakitia mfukoni, akaniambia, "Njoo unishikie voltimita."

Nilichokiona siku ile ndicho kipimo kilichoandikwa katika vitabu vya mafundi vya kampuni ya Lucas ya Birmingham, Uingereza, iliyotengeneza dinamo za Land Rover. Kwanza alibonyeza mkanda kuona kama umelegea; ulikuwa sawa. Kisha akafungua nyaya mbili nyuma ya dinamo, kubwa na ndogo. Vichwa viwili vilivyobaki wazi akaviunganisha kwa kipande kifupi cha waya. Mguu mmoja wa voltimita ukashika hapo, mwingine ukashika chuma cha bodi. Kwa njia hiyo dinamo ikabaki peke yake, bila regulata, bila katauti, bila betri. Kama shahidi aliyetengwa na wenzake ili aseme alichokifanya yeye tu.

Akamwambia dereva awashe injini na kuipandisha kidogo kidogo, isipite mizunguko 1,000 kwa dakika. Dinamo nzima hupandisha sindano mara moja, bila kutetemeka, na fundi huizuia kabla haijapita volti 20. Ya kwetu haikusogea. Sifuri.

Yule mzee akaniambia huku akifungua kifuniko cha nyuma, "Sindano ikikaa sifuri, tazama kaboni. Ikisimama kwenye nusu volti au volti moja, tazama koili za pembeni zinazotengeneza sumaku. Ikisimama kwenye nne au tano, tatizo liko kwenye kile kinachozunguka." Alipofungua, kaboni moja ilikuwa imekwama katika nyumba yake. Vumbi jekundu la barabara zetu lilikuwa limechanganyika na oili, likawa kama udongo wa kukandika nyumba. Springi ilikuwa inasukuma, kaboni haiendi. Haikuwa inagusa shaba.

Aliitoa, akaipangusa kwa kitambaa chenye petroli, akaikwangua pembeni kidogo, akasafisha shaba kwa msasa laini, akairudisha. Tukapima tena. Sindano ilipanda, ikapita 12, ikapita 15, akainua mkono dereva aachie mafuta. Akarudisha nyaya. Taa nyekundu ikawaka, injini ikashika, taa ikazimika. Kazi nzima haikufika saa moja, na hakuna kipuri hata kimoja kilichonunuliwa.

Tajiri alisimama kimya muda mrefu. Nadhani alikuwa anahesabu magunia ya maharage. Mimi sikuwa nahesabu magunia.

Nilibaki kwa yule mzee kama mwanafunzi wake, na nilikaa kwake miaka minne. Alinifundisha mpangilio ambao sijauacha: kwanza mkanda, pili nyaya na mahali zinaposhika, tatu dinamo, nne katauti na regulata, na mwisho kabisa betri. Alikuwa akisema betri ndiyo ya mwisho kuhukumiwa, kwa sababu haitengenezi umeme. Inatunza kile ilichopewa. Na asiyekuwa na voltimita hakuruhusiwa kutoa udhuru. Balbu ya gari na nyaya mbili zilitosha kuonyesha kama dinamo inatoa au haitoi.

Lakini alinifundisha jambo jingine ambalo baadhi ya mafundi wenzangu walichelewa kulijua. Kipimo kina zama zake. Kuanzia miaka ya 1960 alternata ilianza kuchukua nafasi ya dinamo. Kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuifunga kwenye gari lake la Valiant la mwaka 1960. Alternata hutoa umeme hata injini ikienda polepole, na badala ya katauti ina daiodi, milango isiyo na kitu kinachosogea. Kwenye dinamo, fundi wa zamani aliweza kugusisha waya kwenye bodi aone cheche, akaridhika. Ukifanya hivyo kwenye alternata unaweza kuua daiodi kwa sekunde moja. Vivyo hivyo ile desturi ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, ati uone kama gari litaendelea kwenda. Nimeona alternata nzima zikifa kwa kipimo hicho. Anayepima bila kujua anachopima ni sawa na asiyepima, pengine ni mbaya zaidi.

Sasa nakuja kwako wewe uliyesema huna gari. Ukitembea leo katika vijiji vya Kasulu na Kibondo utaona mabamba ya sola juu ya mapaa, na chini ya kitanda au kwenye kona ya sebule kuna betri. Ndugu yangu, hiyo nyumba yako ni Model T ya mwaka 1919. Bamba ni dinamo, na jua ndilo mkanda unaoizungusha. Kile kisanduku kidogo chenye vitaa ukutani ni mjukuu wa katauti na regulata: mchana kinazuia betri isichemke, usiku kinazuia umeme usirudi kwenye bamba. Na malalamiko ni yale yale ya mwaka 1981: "Betri nimenunua mwaka jana, imekufa, wafanyabiashara wametuuzia mbovu." Huenda ni kweli. Lakini umepima?

Voltimita siku hizi ni kitu cha bei ndogo. Betri ya volti 12 ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Ikisoma 12 kamili au chini yake, haina kitu, na kuiacha hivyo siku nyingi ndiko kunakoiua. Jua likiwa kali na bamba likiwa linafanya kazi, isome kati ya 13.8 na 14.4. Isipofika hapo, usikimbilie dukani. Panda juu ya paa, tazama kama bamba lina vumbi au kivuli cha mwembe. Shuka na waya mpaka kwenye kisanduku, ukitazama kila mahali unaposhika. Betri iwe ya mwisho.

Na kitaa chekundu kikiwaka kwenye kisanduku chako usiku, kikakukosesha usingizi, tafadhali usikifunike.

Waswahili walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi katika ujana wangu niliziba, lakini nilichoziba ni taa iliyokuwa ikinionyesha ufa. Mtoto yule angekuwa hai leo angekuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka arobaini. Mama yake bado yuko, na alijaliwa watoto wengine. Tunapokutana ananisalimu vizuri, ananiuliza habari za nyumbani. Sijui kama aliwahi kuambiwa habari za kile kipande cha karatasi. Leo nimezisema redioni, na kama anasikiliza, basi amezisikia kutoka kwangu mwenyewe.